Amri ya Kulima Pamba

Harufu ya wino wa mhuri katika ofisi moja ya Same ilinirudisha utotoni, nchi ikiwa bado changa. Bwana shamba alipanda mlimani kwetu, mvua imemtotesha, akatusomea amri ya serikali: kila kaya ilime pamba.

"Kwenye baridi hii?" bibi aliuliza.

"Amri imetoka juu, bibi."

"Juu ni huku, mwanangu. Huko ni bondeni."

Bwana shamba alicheka, lakini pamba tukaipanda. Kisha yeye mwenyewe akatuandikia barua kwa serikali ya kuomba tusamehewe. Jibu lilipofika, pamba ilikuwa imeshaoza zamani. Nikamsomea bibi: "Ombi linashughulikiwa."

Akaniambia nirudie, akinitazama mimi, si barua. Kabla serikali hiyohiyo haijatuletea mwalimu, hakuna binti wa nyumba yetu aliyewahi kusoma barua.