Kidole cha Mkalimani

Ramadhani iliyopita nilikuwa mkalimani wa kujitolea katika ukumbi mmoja wa Kilburn, London, juu ya duka la mazulia. Kila Jumamosi alasiri watu walipimwa presha na sukari bure, kisha wakaelezwa namna ya kula na namna ya kutumia dawa zao. Wengi waliokuja walikuwa Waunguja na Wapemba wa makamo. Wote walikuwa na GP wao, yaani daktari wa mtaa, lakini kuwa na GP ni jambo moja, na kumweleza kinachokusumbua kwa Kiingereza huku anatazama saa ni jambo jingine.

Mimi sikuwa na cheti cha ukalimani wala cha kitu kingine chochote. Niliacha shule Tanga kabla ya kumaliza darasa la saba, nikaenda Mombasa, Muscat, Marseille, na kila nilipopita niliondoka na lugha kidogo. London nilikuwa napakia maboksi kwenye ghala moja Hayes. Ukumbini nilikwenda kwa sababu mbili: nilitaka kujua kile kijimashine kinaionaje sukari ndani ya tone la damu, na kila siku baada ya magharibi kulikuwa na futari.

Nesi alikuwa mama wa Haiti. Tulizungumza Kifaransa, changu cha bandarini, chake cha shule, na kila akipumzika nilimbana kwa maswali. Alianza kazi akiwa msichana, akifuatana na daktari hadi vijiji vya milimani ambako hapakuwa na zahanati. Walipima watu chini ya turubai bila malipo, na hiyo bure ndiyo iliyowatia watu wasiwasi. Mgeni anayechukua damu yako bila kutaka kitu, lazima ana lake. Kwa hiyo kabla ya kumgusa yeyote walimpima kwanza mtu wa pale pale, mbele ya wote, na matokeo yakasomwa kwa sauti.

Jumamosi ninayoikumbuka, foleni haikusogea. Mzee mmoja wa Pemba aliuliza, "Na hiyo damu inakwenda wapi? Home Office, kwa watu wa uhamiaji?" Watu wakacheka, lakini hakuna aliyetoa kidole. Mwingine akauliza kama saumu haitaharibika. Imamu, aliyekuwa akitandika mikeka, akasema tone la damu halimfunguzi mtu. Bado hakuna aliyetoa kidole.

Nesi akanigeukia. "Keti wewe."

"Si ujipime mwenyewe?"

"Mimi hawanijui. Wewe unakula nao kila jioni."

Nikaketi. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimesimama kando ya stesheni, uso nimeuelekeza ukutani, nikila donati ya jamu. Mwanzo wa mwezi nilifunga kama watu. Kisha nikaacha siku moja kwa kuchoka na kazi, na ya pili nikaiacha kwa sababu nilishaiacha ya kwanza. Lakini kila jioni nilikaa mkekani, nikapokea tende kama waliofunga, na nikala mihogo ya nazi ya mwanamke mmoja wa Unguja ambaye ukumbi mzima ulimwita Bi Mkubwa. Huyo ndiye aliyepika. Sahani yangu aliijaza kuliko za wengine kwa sababu, alisema, kijana hana mama hapa.

Nesi akanifuta kidole, akanichoma, akasoma, "Nane nukta mbili." Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Umekula muda si mrefu. Kwa mtu aliyetoka kula, hiyo haina tatizo." Akanyamaza ili nitafsiri.

Nikasema, "Nane nukta mbili. Anasema haina tatizo."

Nusu ya maneno yake niliimeza. Ilikuwa rahisi sana, na hakuna mtu mwingine mle ndani ambaye angeweza kujua.

Foleni ikasogea. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba njia ile ilifanya kazi. Watu walitoa vidole kwa sababu waliniamini mimi.

Bi Mkubwa alikuwa wa nne au wa tano. Nane nukta nne. Nesi akakunja uso. "Mwulize amekula lini."

"Daku," akasema Bi Mkubwa. "Uji na tende moja. Toka hapo hata maji sijayaonja."

Nesi akaeleza bila haraka. Kwa mtu aliyeshinda na njaa, kiwango hicho kiko juu na huenda ni ugonjwa wa sukari. Akamwone GP wiki hii, na asiendelee kufunga mpaka amwone. Yote hayo niliyatafsiri sawasawa, neno kwa neno.

Bi Mkubwa akacheka. "Mwanangu, wewe nane, mimi nane. Wewe huna tatizo, mimi mgonjwa? Au kidole cha kizee kina sukari yake?"

"Sukari ya kaimati hiyo, Bi Mkubwa," mwanamke wa nyuma yake akasema, na foleni nzima ikacheka.

"Basi mwambie ahsante. Kwa GP siendi. Nikenda atanikataza kufunga, na kwa umri huu sijui nimebakiziwa Ramadhani ngapi."

Nesi akaniuliza anasema nini. Ningeweza kumaliza jambo hilo pale pale kwa maneno machache.

"Anasema ahsante," nikajibu.

Akaitwa mwingine. Bi Mkubwa akaenda zake jikoni, kachumba kadogo nyuma ya ukumbi. Kila nilipopita mlangoni nilimwona ameketi juu ya gunia la mchele, kiatu kimoja amekivua, anajisugua vidole vya mguu. Miguu yake ilikuwa ikifa ganzi. Alishawahi kuniambia, na nikamjibu kuwa ni baridi ya London.

Magharibi ilipoadhiniwa kwenye simu ya mtu, alinikuta mlangoni pa jikoni na sinia la tende. Akachagua moja nono, akanitia kiganjani. "Fungua, mwanangu."

Niliishika tu. Nyuma yangu watu walikuwa wanaanza kula.

"Bi Mkubwa, mimi sikufunga."

"Leo?"

"Leo, na siku nyingi. Ile nane yangu ni ya donati."

Akanitazama. "Donati ya namna gani?"

"Ya jamu."

"Umeila saa ngapi?"

"Nilipokuwa nakuja huku. Nesi alisema haina tatizo kwa mtu aliyetoka kula. Hayo ya kula mimi sikuyasema."

Akalitua sinia juu ya jiko. Akafikiri, kama mtu anayepima chumvi ya mchuzi. "Kwa hivyo mimi nimeshinda na njaa mchana kutwa, nimempita aliyekula donati."

"Ndiyo."

"Nirejeshee tende yangu."

Nikampa. Akaila yeye, akavuta bakuli, akanimiminia uji. "Kunywa. Tende ni ya waliofunga. Jumatatu tunakwenda wote kwa GP, na kila atakalosema utanambia, hata la kunitusi."

Jumatatu, kwa GP, nilimwambia kila neno. Ilikuwa sukari, na ilishakaa naye muda. Akapewa vidonge vya kumeza pamoja na chakula, asubuhi na jioni, na mwaka huu asifunge. Tukapanda basi. "Nitawapikiaje watu futari, nami nimekula?" akauliza, na hakuniuliza mimi.

Nesi nilimweleza Jumamosi iliyofuata. Hakunigombeza. Ila toka siku hiyo kabla ya kunichoma aliniuliza kwa sauti, mbele ya foleni, "Umekula?" na mimi nikatafsiri swali na jibu.

Siku chache baadaye Bi Mkubwa alinipigia simu mchana. "Njoo. Sijala toka niamke, na kidonge cha asubuhi bado kipo mezani. Siwezi kula peke yangu mchana wa Ramadhani. Wewe si umezoea?"

Mjukuu wake alinifungulia, nikamwamkia kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza kwamba bibi yuko jikoni. Nilimkuta amevuta pazia. Mezani palikuwa na sahani mbili, mayai na mkate.

"Keti ule."

"Nimefunga, Bi Mkubwa."

"Leo ndiyo umepata dini?"

"Toka siku ile."

Akaguna. Akaisukuma sahani yangu kando, akachukua mkate wake, kisha akageuza kiti akaelekea ukutani. Yeye aliyeruhusiwa na Mungu na daktari alikula kama nilivyokula mimi kando ya stesheni, mabega ameyainamisha.

"Geuka huku, Bi Mkubwa. Hakuna anayekuona."

"Wewe unaniona."

Hakugeuka. Alitafuna polepole, akapapasa mezani akakipata kidonge, akakimeza kwa chai. Niliketi nyuma yake, nikaiangalia shingo yake mpaka kikapita.