Injini ya Hisani

Ko, ko, ko-ko-ko. Mpaka leo nikitulia naisikia sauti ile, kama mtu anatwanga kinu kitupu kwa hasira. Ilianzia chini ya miguu yangu, kwenye bati la lori, tukitoka Mbagala na mzigo wa nazi, mie nimekaa mbele na baba. Nilikuwa nawaza mambo yangu. Nilikuwaga msichana wa kuwaza, na asubuhi ile nilikuwa nimeshafika Lindi kwa lori letu, shangazi zangu wote wamejipanga kunipokea, nagawa khanga. Baba akainamisha kichwa kusikiliza. Akaondoa mguu kwenye mafuta. Sauti ikapanda, ikakwaruza, halafu ikakatika, na lori likajiburuta mpaka kando ya barabara, karibu na Mtoni, likasimama.

Baba alishuka, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Kilikuwa kikavu. Akaingia uvunguni, nikawa naona viatu vyake tu. Alipotoka alisema nati ya chini haipo, ile inayofunguliwa wakati wa kumwaga oili. Nyuma yetu kulikuwa na mstari mweusi mwembamba juu ya vumbi. Tuliufuata kwa miguu, yeye upande huu, mie upande ule, tumeinama kama watu waliopoteza hereni, mpaka jua likawa kali. Nati hatukuiona.

Juzi yake tu lori lilikuwa limetoka sevisi.

Lazima nieleze lori lenyewe, maana halikuwa lori la kawaida kwetu. Tangu baba aje Dar es Salaam kutoka kusini alikuwa akiendesha magari ya watu. Lile lilikuwa la kwanza kuwa lake, yeye na wadogo zake wawili, na lilikuwa jipya kabisa, viti vyake bado vinanuka duka. Kampuni iliyowauzia, iliyokuwa mjini upande wa bandarini, iliwapa karatasi ya dhamana: injini ikiharibika ndani ya miezi sita bila kosa la dereva, kampuni itaitengeneza yenyewe. Masharti yalikuwa mawili. Sevisi ifanywe kwenye gereji yao tu. Na mwenye gari aweke daftari, aandike kila siku amekwenda maili ngapi na oili imefika alama gani.

Daftari lilikuwa kazi yangu. Baba alisoma Kiswahili polepole, kidole kikitangulia. Kiingereza cha nyumbani kwetu pale Temeke kilikuwa changu, Kiingereza cha darasa la sita, cha kuombea ruhusa ya kutoka nje. Kila alfajiri baba alichomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena, akasema, "Juu," au "Nusu," nami nikaandika kwa penseli, nimesimama kwenye tairi. Mara nyingine aliangalia nimeandika nini, akaacha alama ya dole gumba jeusi pembeni ya ukurasa. Hakuna siku tuliyoruka, hata Idi.

Kwa hiyo lori lilipovutwa kwa kamba hadi uani kwetu, watu walisikitika, lakini sie hatukuogopa. Nilimwambia mama, ile ni dhamana, watatupa injini nyingine. Ilibaki kupeleka daftari tu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu.

Nililifungua daftari nikaona aibu. Lilikuwa chafu. Oili, mvua, madole ya baba, penseli iliyofutika, mahali pengine nimechora maua wakati nasubiri. Shuleni kwetu, kwa masista, kazi chafu haikupokelewa. Sista alikuwa anaishika kwa ncha za vidole viwili, anakurudishia, anakwambia nenda ukanakili upya. Hakusahihisha kwanza, alitazama usafi. Mie nilikuwa hodari wa kunakili, na jina langu liliwahi kusomwa mbele ya shule nzima kwa sababu ya mwandiko. Basi nikanunua daftari jipya na wino, nikapiga mistari kwa penseli nyekundu, nikakaa kutwa nzima uani nikinakili siku zote, maili zote, juu na nusu zote, bila kubadilisha hata moja. Baba alipoliona alicheka kwa mara ya kwanza tangu lori life. Alisema hili hata Gavana anaweza kulisoma bila miwani. Lile la zamani nikampa bibi jirani yetu, muuza karanga, afungie karanga zake.

Tulikwenda mjini mapema, baba amevaa koti. Karani alitupokea vizuri, akalisifu daftari, akatuingiza kwa bwana mkubwa wa gereji, Mzungu mrefu mwenye mikono iliyobabuka kwa jua. Alilipekua mbele, akalipekua nyuma. Akapitisha kidole juu ya wino. Akasema neno kwa karani.

"Anauliza, hili limeandikwa lini?" karani akanigeukia mie.

"Juzi, bwana."

"Lote?"

"Lote," nikasema. "Nilikaa kutwa."

Nilisema kwa fahari, nikitegemea kusifiwa. Karani alinitazama kidogo kabla hajatafsiri, na katika kunitazama kule ndipo nilipojua kwamba nimeharibu. Bwana mkubwa alilifunga daftari taratibu, akamsukumia baba. Akasema daftari lililoandikwa siku moja, baada ya injini kufa, si daftari. Mtu yeyote anaweza kukaa chini akatunga oili ya miezi minne. Bila ushahidi kwamba dereva alikuwa anapima oili, kampuni haina la kufanya.

Tulirudi kwa basi. Baba alishika daftari langu zuri mapajani kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa mwenzake. Tulipopita Keko ndipo aliponiuliza, bila ukali, "Mama, lile la zamani liko wapi?"

Nikamwambia. Akafumba macho, akasema, "Haya." Afadhali angenichapa.

Niliposhuka basini sikwenda nyumbani, nilikwenda uwanja wa mpira kumtafuta bibi. Nilimkuta amekaa na ungo wake, watu wamemzunguka, na kwenye mchanga pale makaratasi yaliyosokotwa kama pembe yametupwa kila mahali, mengine ni mwandiko wangu. Nikampigia magoti, shikamoo bibi, nikamweleza. Alinisikiliza huku anapima karanga.

"Umenipa kwa mkono wako mwenyewe, leo unalitaka," akasema. "Wewe ukiolewa, mwezi haujaisha utaomba urudishwe kwenu."

Watu wakacheka, nami nikacheka, machozi yakinitoka. Akainua kitambaa chini ya ungo. Alikuwa anachana karatasi za mbele, na za nyuma zilikuwa zinachomoka zenyewe, maana karatasi za daftari huungana katikati. Zilizobaki ni zile za katikati kabisa, zilizokuwa bado zimeshikwa na pini, na miezi ile minne ilikuwa imetufikisha katikati. Siku ya sevisi ilikuwepo, na muhuri wa gereji na sahihi ya fundi. Chini yake, kwa penseli yangu, asubuhi iliyofuata: juu. Na asubuhi ya pili, ile ya safari ya Mbagala: juu. Dole gumba la baba lilikuwa kando ya zote mbili. Bibi alinipa karatasi hizo, na karanga za kunituliza.

Nilidhani mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yalianza.

Karatasi zilipokelewa, zikawekwa kwenye jalada. Tuliambiwa njooni Jumatatu. Jumatatu tukaambiwa mkaguzi hajakwenda kuliona lori. Alipokuja kuliona, akaingia uvunguni na kutoka bila kutusemesha, tukaambiwa ripoti bado. Ripoti ilipofika, bwana mkubwa alikuwa safarini Tanga. Kulikuwa na benchi nje ya ofisi ya karani, kando ya mlango wa gereji. Nililizoea kuliko kitanda changu. Nilijua wapi ubao wake unabana nyama ya paja. Mwanzoni nilikuwa nawaza nikiwa pale, nalitembeza lori Lindi, Songea, mpaka Nyasa. Kufika wiki ya sita nilikuwa sifiki hata Mbagala. Nilikaa tu, natazama magari ya wenzetu yanaingia na kutoka.

Siku ambazo hatukuitwa, baba alikwenda bandarini kubeba magunia. Alikuwa dereva tangu ujana wake, mgongo wake haukujua gunia. Alirudi bega limechubuka, mama akamkanda kwa maji ya chumvi. Wadogo zake walikuja kila Ijumaa, wakilizunguka lori, wanaligonga tairi kwa mguu kama wanamwamsha mtu. Majirani walianza kuliita kitanda. "Kitanda kimeamkaje?" walimuuliza baba akipita, naye alijibu, "Hakijambo, kinawasalimu." Kuku akataga chini ya kiti changu, nami sikumfukuza.

Bila injini ile, lori lingeuzwa kama chuma, na baba angebaki kuli mpaka mgongo ukatae. Hilo hakuna aliyelisema, ila kila mtu aliyekuja kwetu alilitazama lori kwanza, halafu bega la baba.

Siku moja kwenye benchi lile, fundi mmoja wa gereji alipita mbele yetu, ovaroli imelowa mafuta, spana mkononi. Alikuwa mtu wa makamo kama baba. Alipita, akarudi, akainama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu.

"Mzee, sahihi ile ni yangu," akasema chini chini. "Siku ile kengele ya chakula ililia niko chini ya gari lako. Nati nilikuwa nimeiingiza kwa vidole tu, nije niikaze nikirudi. Niliporudi lilikuwa limeshashushwa na mwingine, limetolewa nje. Nilidhani ameikaza yeye." Akakaza kamba ya kiatu. "Nina watoto watano, mzee. Nisamehe."

Akaenda zake. Moyo wangu ulikuwa unaruka. Nilitaka kuingia ofisini saa ile ile, nilikuwa nimeshasimama. Baba akanivuta nguo, nikakaa.

"Tukilisema hilo, kesho yule hana kazi," akasema.

"Na wewe, baba? Bega lako?"

"Bega litapona."

Tulikaa pale mpaka ofisi ikafungwa, hakuna aliyetuita.

Barua ilifika mwishoni mwa mwezi wa tatu wa kusubiri, ilikuja na karani mwenyewe, amepanda baiskeli mpaka Temeke, kwa kuwa nadhani na yeye alikuwa amechoka kutuona. Ilikuwa na nakala mbili, moja ya kutiwa sahihi na kurudishwa, nyingine ya kwetu. Mama alitandika mkeka, baba zangu wadogo wakaitwa, nikasimama katikati niisome. Nilianza kutafsiri kwa furaha: kampuni imekubali kuweka injini nyingine, bila malipo. Baba mdogo mmoja akapiga makofi mara moja. Halafu nikafika mstari unaofuata, nikakwama.

"Soma," baba akasema.

Ningeweza kuuruka. Hakuna pale ambaye angejua, isipokuwa karani, naye alikuwa anatazama baiskeli yake. Nilimtazama baba, na bega lake, na koti lake la mjini ambalo lilikuwa limeanza kuchanika kwapani. Nikausoma kama ulivyo. Injini inatolewa kwa hisani ya kampuni, si kwa haki ya dhamana. Mwenye gari anakiri kwamba injini iliharibika kwa uzembe wa dereva, ambaye hakuangalia oili, na kwamba gereji haina kosa.

Yule mkubwa wa baba zangu wadogo alisimama. Alisema tusitie sahihi, twende kwa wakili, twende bomani kwa Bwana Shauri, uongo mtupu huu. Akamgeukia baba, "Kaka, miaka yote hii unaendesha, leo uitwe mzembe kwa maandishi?"

Baba alimwacha amalize. Akamwomba karani kalamu.

"Watu wa Mbagala wanaoza na nazi zao," akasema. "Nionyesheni pa kuandika."

Aliandika jina lake polepole, herufi moja moja, ulimi ukitokeza pembeni ya mdomo, kama anavyofanya mtoto wa shule. Karani akachukua nakala yake, akaikunja vizuri, akampa baba mkono kwa mikono miwili. Sikuwahi kumwona akimpa mtu mkono namna ile.

Wiki iliyofuata lori lilivutwa mjini, likarudi linanguruma. Majirani walitoka. Mama alipiga kigelegele kimoja kifupi, akarudi jikoni. Baba hakunichukua safari ya kwanza. Alisema nipumzike, nimechoka. Ilikuwa kweli. Nililala mchana kutwa kama mgonjwa, bila ndoto yoyote.

Nilipoamka nyumba ilikuwa tupu. Nilitoa nakala ya barua sandukuni, chini ya nguo za mama, nikaisoma tena mpaka ule mstari. Nikachukua wino wangu. Pembeni pake, kwa Kiswahili, nikaandika: Baba yangu alipima oili kila asubuhi. Mie nilikuwepo. Nikaipulizia mpaka wino ukakauka, nikaikunja, nikairudisha mahali pake.