Siku ya Nne Ambayo Sikuitembea

Usiku ule nililala mapema, tena nililala vibaya, goti la kulia likiniuma kama kawaida yake. Nasema haya mapema usije ukadhani niliota kwa sababu ya kushiba.

Kazi yangu ni kutembea na kuandika. Nabeba hema mgongoni, natembea milimani siku tano, pengine wiki mbili, kisha nayaandikia magazeti ya wasafiri: pita hapa, lala pale, maji yako kule. Sina ofisi wala bosi, nisipotembea sili. Aliyenifunza ni rafiki yangu Kiango, mtu wa Usambara, aliyeongoza wageni milimani tangu ujana wake. Alifariki mwaka juzi kwa ugonjwa wa kifua, na mimi ni mmoja wa walioingia kaburini kumpokea.

Basi akaja. Nilikuwa sebuleni kwa mama, nafunga begi, na nilipovuta kamba nikajikuta nimeshafika juu, njiani. Kiango yuko mbele yangu, mikono nyuma, kwa mwendo wake ule usio na haraka. Sikushangaa. Ndotoni mtu hashangai marehemu akitembea. Hushangaa akikosa kiatu kimoja. Nilimfurahia mno. Nikamwita, hakugeuka.

Tunapita mahali ninapopajua. Naona msikiti mdogo wa mabati, naona mashamba ya kabichi, nasikia harufu ya mikaratusi iliyonyeshewa. Halafu tunapinda kilima, na nchi inakwisha.

Sijui niseme vipi. Njia ipo, lakini kando yake hakuna kitu. Si mti, si jiwe, si jani; weupe mtupu, kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Kiango akasimama.

"Hapa pana mti gani?" akaniuliza.

Nikajaribu kukumbuka, na sikuweza, kwa sababu sikuwahi kufika.

Niseme kweli yake. Niliandika makala ya safari ya siku tano, na siku ya nne, ule mgongo wa mlima unaotazama nyika, sikuitembea. Goti lilikuwa limevimba, mhariri alitaka makala Jumatatu, nikapanda pikipiki nikazunguka kwa barabara ya chini. Nilipokunywa chai, muuza chai akaniambia kule juu kuna chemchemi haikauki. Nami nikaandika kwamba nilikunywa maji yake, nikaongeza na ubaridi wake. Kiango angekuwa hai asingekubali. Alikuwa haniruhusu kuandika neno "maji" mpaka niyanywe mbele ya macho yake, tena kiangazi, si masika.

Tunaendelea. Jua linachoma ingawa mbingu haipo. Mbele yetu wamekaa wanawake saba, mizigo mgongoni, wamenipa kisogo. Nawajua. Ni Mwalimu Zuhura na wanafunzi wake sita. Mwalimu huyu aliniandikia wiki iliyopita kwamba ameikata makala yangu gazetini na wataifuata hatua kwa hatua. Akauliza siku ya nne wabebe maji kiasi gani. Nilimjibu lita moja kwa kila mtu yatosha, chemchemi iko mbele. Nilijibu huku natafuna karanga.

Namzunguka Mwalimu nimtazame. Hana uso. Sijawahi kumwona, na simu yake ina picha ya ua tu, kwa hiyo ndoto haikuwa na cha kumpa. Anainua chupa yake, anaipindua. Halidondoki hata tone. Anaiweka mapajani, anangoja kwa adabu kabisa. Adabu ile ndiyo iliyonitisha, maana alikuwa bado ananiamini.

Nikamshika Kiango mkono. Ulikuwa mkavu na wa baridi.

"Nilidhani yapo," nikamwambia. "Watu walisema yapo."

Ndipo aliponitazama. Kope zake zilikuwa na udongo.

"Mimi siku zangu zilikwisha zenyewe," akasema. "Za hawa usizikate wewe."

Nataka kukimbia nikatafute maji, na kila ninapoweka mguu hapana pa kuukanyagia.

Nikaamka nimeketi, jasho linanitiririka, naita jina lake. Adhana ya alfajiri ilikuwa inamalizika. Nikahesabu kwa vidole: walianza Jumatano, na leo Jumamosi. Ilikuwa siku ya nne.

Nikashika simu, nikaiweka tena. Niliogopa, sitaficha. Jina langu ndilo mtaji wangu. Mwandishi wa njia akijulikana kwamba haendi njia, nani atamsoma? Nikafikiri nimwambie Mwalimu nimesikia tu kwamba chemchemi imekauka. Uongo huo ulikuwa umeshafika ulimini, tena ukiwa umevaa vizuri. Nikamkumbuka na chupa yake mapajani. Nikapiga.

"Ehee, mwandishi wetu! Za alfajiri?" Sauti ilikuwa changamfu. "Ndiyo kwanza tunafunga mizigo hapa."

"Mwalimu, msiondoke. Ile siku ya nne sikuitembea."

Nyuma yake nilisikia wasichana wanacheka, mmoja anauliza sabuni iko wapi.

"Si umeandika ulikunywa yale maji?"

"Niliandika."

"Uliyanywa?"

"Hapana. Nilipita barabara ya chini kwa pikipiki. Sijui hata kama yapo."

Akavuta pumzi ndefu. Nilingoja anitukane, na ingekuwa nafuu kwangu.

"Haya, usikate simu," akasema. "Nakuweka kwenye spika, uwaambie mwenyewe." Kisha akawaita: "Mabinti, njooni! Yule mwandishi wetu amepiga."

Nikasikia miguu inakuja mbio. Wakanisalimu wote kwa pamoja, kwa furaha:

"Shikamoo!"

Nilishindwa kuitikia marahaba. Nikaanza kuwaambia.