Jiwe la kwao

Juma hii nilikuwa Jabe sokoni, nimesimama kwa mama mumoja anauzisha makala ya kupikia. Akafika bibi mumoja wa kitenge safi, akaangalia magunia, akasema: «Haya makala yenu ni miti tu. Kwetu tulikuwa tunachoma mawe.»

Watu wakacheka. Muuzaji akamujibu: «Bibi, mawe haishike moto. Kwenu ni wapi, kwa wachawi?»

«Ni ng'ambo ya ziwa, kambi ndogo tu. Baba zetu walichimba makala ya mawe chini ya udongo. Mashimo yakafungwa, watu wakatawanyika. Haikuwa na komini, haikuwa na meya, hata kwa ramani haiko.»

«Basi haiko,» muuzaji akasema.

Bibi hakukasirika. Akatoa kitambaa mu sakoshi, akakifungua: jiwe jeusi, dogo kama yai. Akasema kila mutoto aliyehama kule alipewa moja na baba yake, mukononi.

Muuzaji akasukuma mbele mbabula yake, jiko la makala, yenye moto. «Weka hapa tuone. Likiwaka, nakupa gunia bure.»

Sisi wote tukasogea karibu. Gunia nzima, we. Bibi akalifunga jiwe lake tena, pole pole.

«Binti yangu, nichome kwetu ili weye uamini?»

Akanunua makala kidogo kama watu wengine, akaenda, mugongo wima. Mi hilo jiwe sikuliona likiwaka. Lakini mukiniuliza, nitaapa linawaka.