Mawe ya Makopa Kwenye Barabara ya Wilayani

Siku ya kwanza kazini niliwahi kufika kuliko koleo langu. Msimamizi alipokuja alinikuta nimesimama njia panda na kizibao cha kung'aa nilichojinunulia mwenyewe. Akacheka. "Wewe ndiye fundi au ndiye kibao cha barabarani?"

Barabara yenyewe ni kipande kifupi cha lami kiendacho makao makuu ya wilaya yetu, upande huu wa Ruvuma. Sikuisomea kazi hii ya kutunza barabara. Nilijifunza kwa kumtazama dereva wa greda na video za simu, kwa hiyo kila nilichokijua nilikitilia shaka. Nilijua mgongo, yaani katikati ya barabara kuinuka ili maji yashuke pembeni. Nilijua kalvati, bomba kubwa linalopitisha maji chini ya lami. Letu liko bondeni. Likiziba, maji yanapanda, yanaila lami, na hospitali inabaki ng'ambo. Hilo lilininyima usingizi.

Nyie mnaoanza, hakuna atakayewaambia habari za makopa. Kiangazi kizima akina mama huanika mihogo yao iliyomenywa kwenye lami, ikauke iwe makopa, na kuizungushia mawe, madereva wasiikanyage. Jioni makopa yanazolewa, mawe yanabaki. Magari yanayasukumia mtaroni, na huko mawe yanasubiri mvua iyavingirishe hadi kwenye kalvati. Nilikuwa nayatoa kwa mikono. Kesho yake yapo.

Nilimlalamikia Msimamizi. "Kawaondoe wewe," alisema. "Mimi mama mkwe wangu anaanika pale pale."

Nikamwendea Bi Somoe, mwenye eneo kubwa la kuanikia kuliko wote.

"Mwanangu, lami mliileta ya nini kama haikaushi kitu?"

"Basi mama, wekeni matawi badala ya mawe."

Dereva wa huku akiona matawi barabarani anajua mbele kuna gari bovu, anapunguza mwendo. Wakakubali. Ikawa kila lori la korosho linasimama.

"Gari bovu liko wapi?"

"Hakuna gari, kaka. Ni makopa."

Matusi niliyopewa siyaandiki. Kisha mbuzi wakafuata majani, wakamalizia na makopa. "Fundi," Bi Somoe aliniita mbele za watu, "mbuzi wameshiba. Mimi nikasonge matawi?" Ikabidi kila mmoja alinde chake kwa fimbo, huku akinitaja kwa ubaya. Ila kwenye mawe hawakurudi.

Mvua kubwa ilinikuta bondeni, nimelowa, nachungulia kalvati. Maji yalipita yote. Lami haikuguswa.

Mkataba ulipoisha Msimamizi aliniita. "Barabara yako haina tatizo. Watu tunawapeleka penye matatizo."

Ndivyo nilivyostaafu, hata ndevu hazijanijaa. Mrithi wangu hajaletwa. Matawi yameachwa, mawe yamerudi. Leo asubuhi nikienda zangu sokoni niliona moja limekaa mdomoni mwa kalvati. Nikajiambia si kazi yangu tena. Nikapita. Nilifika hadi msikitini, nikageuza.