Msitu wa Baba Ukutani

Enzi zetu nyumba nzima ilikuwa na picha moja tu, na yetu ilinitia aibu.

Baba na wenzake walikuwa wamechanga wakanunua shamba la mzungu upande wa Turbo. Vyombo vilivyoachwa kwa nyumba kubwa vikagawanywa kwa kura. Jina la baba lilipotoka, mama akamnong'oneza, "Chukua kitanda cha springi, Baba Njeri." Alikuwa na mimba, na sisi sote, dada yangu Njeri na mimi na wazazi, tulilalia magunia. Baba akapita kitanda, akapita meza, akatia kwapani picha ya msitu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Mama Njeri, leo utalalia majani!" Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Mwalimu wetu alipoiona alituambia ni msitu wa Ufaransa, uliochorwa karne iliyopita. Pengine. Mimi niliishia darasa la nne. Ninachokumbuka ni jua limepenya matawi, limeangukia njia kama unga uliomwagika, na kando, chini ya miti mikubwa, giza tupu. Jioni, githeri ikichemka, tulisogeza koroboi tuone kuna nani mle gizani. Baba alisema, "Ondoeni taa. Mwacheni mtu ajifiche."

Mtu gani? Shuleni niliitwa mtoto wa kichaa. Baba akipita na baiskeli yake nilijifanya simjui.

Mama ndiye aliyenieleza, baba akiwa ameshazikwa. Mdogo wake baba aliingia msituni wakati wa kupigania uhuru, huko kwao, na hakurudi. Hata kaburi hakuna. "Nilikuwa najua," mama akasema, "lakini mgongo ulikuwa unaniuma." Sisemi alikosea. Alilala chini mpaka mtoto akazaliwa. Wala baba simlaumu. Mimi ndiye sijui nijiweke wapi.

Siku hizi picha iko kwangu, Kapsoya. Mjukuu wangu ana mapicha mengi kwa simu na hakuna moja anayoitazama mara mbili. Juzi aliwasha tochi ya hiyo simu, akamulika chini ya miti.

"Guka, hapa hakuna mtu."

"Zima hiyo taa."

Tunapenda kusema watoto wa leo hawasikii. Huyu alizima papo hapo. Sisi tulikuwa tunangoja baba atoke nje, tunasogeza koroboi tena.