Mzazi wa Thelathini

Siku ya kwanza ya kujifunza ukunga nilikuwa na miaka arobaini na moja, na mwalimu wangu alikuwa kompyuta. Chekeni tu. Nilikuwa muuguzi wa daraja la chini tangu familia yetu irudi kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, nasi wauguzi tukaambiwa tunaweza kupanda daraja bila kuacha kazi: Jumamosi masomo kwa mtandao, moduli moja baada ya nyingine, katika chumba kimoja cha Kamembe, siku nyingine mazoezi wodini. Mwalimu alikuwa Kigali, sauti yake ikitufikia vipande vipande. Kuchoma sindano nilijua. Kompyuta niliwashiwa na wenzangu.

Mazoezi nilipangiwa kituo kimoja cha afya upande wa Nyakabuye, chini ya mkuu wa wodi ya wazazi. Tulimwita Maman Responsable. Alikuwa mfupi, mwenye mikono ya joto na maneno machache. Ili nikubaliwe kufanya mtihani, alitakiwa kutia sahihi kwenye kijitabu changu mara thelathini, sahihi moja kwa kila mtoto niliyempokea mwenyewe. Mzazi aliyepelekwa hospitali hakuhesabiwa.

Adui yangu alikuwa partogramu, karatasi ya miraba ambayo mkunga huweka nukta kadiri uchungu unavyoendelea: moyo wa mtoto, njia inavyofunguka. Nukta zikivuka mstari wa tahadhari, mzazi huyo anahitaji msaada mkubwa zaidi. Sisi wauguzi wa zamani tulikuwa na tabia mbaya: tulizalisha kwanza, kisha tukaketi na chai na kuijaza yote kwa mpigo. Siku moja Maman Responsable aliitazama yangu kwa muda mrefu.

“Hii mustari iko muzuri sana,” akasema. “Ulijaza saa ngapi?”

“Kisha mutoto kuzaliwa, Maman.”

“Tumbo ya mama haisomaka moduli. Siwezi sinye buongo.”

Hakutia sahihi, na mtoto yule hakuhesabiwa. Niliona aibu, maana alisema kweli.

Juma moja kabla ya mtihani nilikuwa na sahihi ishirini na tisa. Asubuhi moja akaja Vestine, mke wa mkulima wa mpunga wa Bugarama, mwenye mimba yake ya kwanza, pamoja na mama mkwe wake. Nilimpenda tangu alipoomba radhi kwa kupiga kelele. Nikakaa naye, nikimsugua mgongo na kuweka kila nukta kwa wakati wake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, walisema wahenga. Mimi naongeza, na mkunga aliyekaa kitako.

Saa nane mchana nukta ilitakiwa kuvuka mstari. Nilikuwa peke yangu na penseli. Mraba mmoja tu kushoto, nani angejua? Saa moja zaidi ya kungoja, pengine angejifungua, nami nipate mtoto wangu wa thelathini. Nasema wazi: nilitamani. Kisha Vestine akanishika mkono, nikaiweka nukta mahali pake na kumwita mkuu wangu.

“Unajua akienda hopitali hahesabiwe?”

“Ninajua, Maman.”

“Na mutihani ni juma ijayo.”

“Ninajua.”

Akakagua nukta zangu. “Basi ita ambilansi. Na wewe uende naye.”

Daktari alimpasua. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimekaa vibaya, alisema, kisingetoka kwa njia yake. Alikuwa msichana, naye alilia kwa nguvu. Siku zilizobaki hakuja mzazi mwingine katika zamu yangu, nami nikabaki na sahihi ishirini na tisa.

Mtihani niliufanya mwaka uliofuata, nikafaulu, nikafanya kazi hadi kustaafu. Wanafunzi wa ukunga hupita nyumbani kwangu Mururu, na huniuliza kama nilijuta. Nilijuta siku saba. Siku ya nane, saa ile wenzangu walipokuwa wakifungua karatasi za mtihani Kamembe, nilikuwa Bugarama kwa Vestine. Kwetu siku ya nane mtoto hupewa jina, na kila aliyealikwa hutaja jina analompendekezea. Watoto wa jirani walitaja, wazee wakataja, kisha wakaniwekea yule msichana mapajani, zamu yangu. Nikafungua kinywa nitaje. Machozi tu.

“Mumungojee,” mama mkwe akawaambia watu. “Maman huyu iko natafuta jina.”